Aliyenivuta Mkoba Pusan

Mwanangu, ule mkono naukumbuka kabla sijaukumbuka uso wa mwenyewe. Ulikuwa mkono mdogo, mkavu, mishipa imejitokeza kama mizizi ya mchai mzee, nao ulikuwa ukivuta mkoba wangu ndani ya basi katika mji wa Pusan, huko Korea. Mimi nilikuwa nimesimama kwa sababu viti vilikuwa vimejaa. Mwenye mkono alikuwa mwanamke mzee aliyekaa. Akavuta. Nikavuta. Mtu wa Kericho akivutwa mkoba kwenye basi hahitaji kuelezwa kinachoendelea, kwa hiyo nilivuta kwa nguvu zote mpaka kofia ikaanguka, na basi zima likageuka kunitazama.

Nyuma yangu Festo alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Wachia, mshamba wewe! Hakuibii huyo. Huku aliyekaa humshikia mzigo aliyesimama. Ndiyo heshima yao."

Nikaachia. Yule mama akaupakata mkoba wangu kama mtoto, juu ya kikapu chake cha vitunguu, akaupangusa vumbi kwa kiganja. Hapo Festo, kicheko bado hakijamwisha, akaniambia, "Na kwa vile mambo ya huku huyajui, lete pasipoti nikuwekee." Akanyoosha mikono yote miwili pamoja, kama tunavyofanya sisi tukipokea kitu kwa mtu tunayemheshimu. Nikampa. Ningemnyimaje mtu aliyenipokea kwa mikono miwili?

Kila ninachotaka kukuambia kilikuwa ndani ya basi lile. Lakini nitakwenda polepole, maana mguu wangu wenyewe hauniruhusu tena kukimbia.

Festo ni wa Sigowet. Ninamtaja jina, na wakikuambia mzee huyu ana mdomo, waambie ndiyo, anao. Anayeficha jina la fisi anamfugia mbuzi. Festo alikuwa amekwisha kwenda ng'ambo na kurudi, ana koti la ngozi hata jua likiwaka, na alikuwa akizunguka Belgut yote na Bureti akitafuta vijana wenye miguu wa kupeleka kwenye mbio za huko. Mimi niliishia darasa la saba. Asubuhi nilikuwa nakimbia, halafu nachuma majani na mama yangu shambani kwetu Sosiot mpaka kikapu kijae. Festo akanikuta barabarani, akakimbiza gari kando yangu, akatoa kichwa dirishani: "Wewe arap Rono, hii miguu unaipotezea nini kwa chai?" Mama akauza mtamba wetu ili niende.

Mama alikuwa na kifua. Siku ya kuondoka alikohoa hadi akashika ua. Akaniambia, "Nenda, lakini urudi nikiwa naona. Nitakuwekea maziwa." Unajua desturi yetu: mkimbiaji akirudi hupokewa na mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa. Hakusema nirudi na zawadi. Alisema nirudi akiwa anaona. Hilo ndilo lilikuwa deni langu la pekee duniani.

Kule uwanja wa ndege Nairobi, karani alisoma karatasi zangu akanitazama kwa kejeli. "Sasa wewe Mkale, utasema unaenda Busan ama Pusan?" Wenzake wakacheka. Sisi Wakipsigis ni Wakalenjin, na kwetu b na p, g na k, ni mapacha, na shuleni nilichapwa kwa sababu ya gari na kari. Lakini nilipofika huko, mwanangu, nikakuta kibao kimoja kimeandikwa Pusan na kingine, hatua chache mbele, kimeandikwa Busan, na wenyewe wanapita chini yake bila wasiwasi. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Nimesafiri angani usiku kucha nikafika kwa watu wanaosema kama mimi!

Ule mji umepanda vilima. Nyumba zimeng'ang'ania miteremko moja juu ya nyingine, kama mistari ya chai ukiiangalia kutoka ng'ambo ya bonde, na kati yake ngazi, ngazi, ngazi, na chini kabisa bahari ya kijivu. Asubuhi akina mama wanafagia mbele ya mlango, kila mmoja anafagia na kipande cha jirani kidogo. Kwenye treni watu wanalala wameketi wima, na kituo chao kikifika wanafumbua macho na kushuka kama walioitwa. Hakuna anayeingia nyumbani na viatu. Sakafu yao ina moto chini yake, siyo moto wa kuona, na wakati wa baridi unalala chini ukapikwa mgongo taratibu kama kiazi kwenye jivu. Mahali pa maji wanakunywa shayiri iliyokaangwa na kuchemshwa. Mimi mtoto wa majani chai nilipoonja mara ya kwanza nilidhani wameunguza sufuria. Baadaye niliipenda, na hata leo shayiri ikikaangwa popote nageuka.

Nao hawaulizani habari. Wanaulizana, "Pap mogosso?" Maana yake, umekula wali? Mtu akikutana na mtu njiani, umekula? Nikasema moyoni, watu wanaouliza hivyo wanaijua njaa.

Siku ya mbio, Festo aliniweka niwe sungura. Sungura ni yule anayewavuta wakimbiaji wakubwa kwa mwendo wa kasi halafu anatoka pembeni. Lakini nilipotaka kutoka, Festo alikuwa kando ya barabara anapiga kelele, "Endelea! Endelea, we! Nani amekuambia utoke?" Nikaendelea. Kwenye mwinuko wa daraja mshipa wa kisigino ukakatika. Niliusikia, mwanangu, ulilia kama kamba ya ng'ombe ikikatika. Nilikaa chini kwenye lami, na wakimbiaji wakanipita kama maji yanavyopita jiwe. Miaka baadaye daktari wa Kapkatet alinishika mguu, akaniambia kwa upole kwamba ungeshonwa mapema ningekuwa natembea sawa.

Festo hakunipeleka kushonwa. Alinirudisha kwenye chumba tulichokuwa tunalala, nyuma ya kiwanda cha rafiki yake Bwana Kang. Huyo naye namtaja. Kesho yake akaniambia, "Pumzika. Naenda kubadilisha tiketi yako, mgonjwa hasafiri hivi hivi." Akanishika bega. Sikumwona tena katika nchi ile. Kang alipokuja, alinionyesha kwa vidole na Kiingereza chake kibovu, kibovu kama changu, kwamba pasipoti yangu iko kwenye sanduku lake la chuma, na kwamba Festo ameniacha mimi niwe rehani ya chakula na kitanda tulivyotumia sote wawili. Mtu, mwanangu. Kama vile wewe ungeacha sufuria dukani.

Na unajua kile kiwanda kilikuwa cha nini? Viatu. Viatu vya kukimbia. Nilikaa kwenye kigoda mguu nimeunyoosha, napaka gundi kwenye soli, kiatu baada ya kiatu, nisiyeweza tena kukimbia hata kutoroka mvua. Ile gundi inaingia puani na kukaa nyuma ya macho. Mashine ilipozimika ghafla, wafanyakazi walipiga kelele, "Chugosso!" Imekufa. Hilo lilikuwa neno langu la pili la lugha yao. La kwanza ni umekula, la pili ni imekufa.

Mkabala na kiwanda palikuwa na mgahawa mdogo, meza chache, moshi mwingi. Mwenyewe alikuwa yule mama wa kwenye basi. Nilimjua kwa mkono. Naye alinijua, akaupigapiga mkoba usiokuwepo mapajani mwake, akavuta hewa, akanikejeli kwa kukunja uso kama mtu anayeibiwa, na wateja wote wakacheka. Wote walimwita Halmoni, yaani nyanya. Kila mchana nilipoingia nikichechemea alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Pap mogosso?"

"Bado, Halmoni."

"Bado, bado," anaiga Kiswahili changu, halafu kwa lugha yake, akinionyesha kiti: "Kila siku bado! Kaa."

Baridi ilipokaribia niliona jambo ambalo sijalisahau. Mtaa mzima wa wanawake walikaa nje na milima ya kabichi ndefu, wakazilaza kwenye chumvi, wakazipaka pilipili nyekundu jani kwa jani, wakazishindilia kwenye mitungi ili ziive kwa uchachu na kuliwa mpaka baridi iishe. Walifanya kwa huyu, wakahamia kwa yule, kama kokwet yetu, kundi la majirani, inavyohama shamba hadi shamba wakati wa kuvuna wimbi. Wanasengenyana, wanalishana kwa vidole. Halmoni akanijaza jani mdomoni. Kali, chachu, likanipanda kichwani. Nami nikafikiria kibuyu cha mama kimetundikwa ukutani, maziwa yanalala, yananingoja. Chozi likanitoka. Wale wanawake wakacheka, wakidhani ni pilipili.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa Kang. Nikamwambia mama mgonjwa, nipe pasipoti nirudi. Nilishika kifua nikakohoa ili aelewe. Akacheka. Akasema, "Festo amesema wewe sasa ni wa hapa."

Nilishuka kwa Halmoni kula, maana miguu ilijua njia. Akaniwekea bakuli la wali unaotoa moshi. Nilichukua kijiko, nikakisimamisha katikati ya wali kama vile sisi nyumbani tunavyochomeka mwiko kwenye sufuria, nikasukuma bakuli mbele, nikaweka kichwa mezani. Sikutaka chochote. Nikuambie kweli: siku hiyo, kama ningejua daraja lile liko upande gani gizani, usingekuwa unanisikiliza.

Kelele za mgahawa zikakatika. Niliinua kichwa. Kila mtu anatazama bakuli langu. Halmoni akaja mbio kutoka jikoni, akakichomoa kile kijiko kwa nguvu, akanipiga nacho kwenye vidole.

"Mogosso?" akaniuliza kwa ukali.

Nikatikisa kichwa.

Akaniinamia karibu kabisa na uso. "Chugosso?"

Umekufa? Aliniuliza hivyo, mwanangu. Lile neno la mashine. Umekula? Hapana. Basi umekufa?

Akaniinua kwa kiwiko akanipeleka chumba cha nyuma. Juu ya kabati kulikuwa na picha ndogo ya mtoto wa kike. Halmoni akachukua bakuli, akanionyesha: siku ya kumkumbuka huyu, huweka wali mbele ya picha, na kijiko husimamishwa wima katikati, hivi. Ndivyo wanavyowalisha wafu wao. Halafu akanieleza kwa mikono. Alijifunga shuka mgongoni hewani, akatembea mahali pamoja, akatembea, akatembea, akainama kwa woga wa vitu vinavyolia angani. Vita vyao. Alikimbilia mji huu na mtoto mgongoni. Alipofungua shuka, akaonyesha, mtoto alikuwa baridi. Akashika kijiko akajilisha hewa mara nyingi, akinikazia macho. Yeye alikula. Kila siku baada ya hapo, alikula.

Mimi nilisema neno jingine moja tu nililokuwa nimeliokota kwao. "Omoni." Mama. Nikashika kifua nikakohoa. Nikanyoosha kidole kuelekea kiwandani, nikachora kitabu kidogo hewani, nikafunga kufuli hewani.

Akavua aproni.

Mwanangu, uone hapo mzee alivyo mzee. Alivuka barabara akaingia kiwandani mashine zikinguruma, mimi nikimfuata nikichechemea. Hakupiga kelele. Alivua viatu mlangoni mwa ofisi ya Kang, akaketi sakafuni katikati, akaita jina. Hakusema "Bwana Kang" wala "bosi" kama wanavyomwita wote. Alimwita jina tupu, na ile a ya kuwaitia watoto mwishoni, kwa ile lugha yao ya kumsemesha mtoto. Wafanyakazi wakazima mashine mmoja mmoja. Kang akatoka, uso umemwiva. Baadaye jirani yangu wa kigoda, mwenye Kiingereza kidogo, alinifafanulia kwamba Kang alizaliwa mtaa ule ule, mama yake akiuza samaki, na njaa ilipouma ni Halmoni aliyemlisha.

"Kang-a," akamwambia, na maneno haya nilifafanuliwa hivyo hivyo, "mimi nilikuuliza kama umekula kabla hujajua kusema. Huyu nilimvutia mkoba wake, nikaushika, nikamrudishia aliposhuka. Wewe cha kwake umekishika mpaka lini?"

Kang akasema neno. Halmoni alinyoosha mikono yake yote miwili, viganja juu, akangoja. Mwisho Kang akaingia ndani, sanduku likalia, akatoka na pasipoti yangu. Akainama, akaiweka kwenye viganja vya yule mama kwa mikono miwili. Naye akageuka, akanipa mimi kwa mikono miwili. Nami nikapokea kwa mikono miwili.

Tiketi ilichangwa na watu wa kanisa la mtaani kwao, pole pole, na baridi ikaisha nikiwa bado pale napaka gundi. Uwanja wa ndege walinigombeza kwa kupitisha muda wa ruhusa, wakaniachia. Halmoni hakuja kunisindikiza. Kwenye mgahawa alinifungia wali kwenye kitambaa, akanifinya shavu, akasema lile neno lake moja la Kiswahili.

"Bado."

Sijui alimaanisha nini. Labda bado hujafa.

Nilishuka Sosiot mchana, mvua imetoka kunyesha, majani yanang'aa. Dada yangu Chelangat ndiye aliyekuja getini. Alipoona ninavyotembea alishika mdomo. Nilimuuliza kwa macho tu, akaangalia chini, kule kwenye ua tunapopakana na chai, na nikaona udongo ambao bado haujaota nyasi.

Mama hakufa na kifua peke yake. Festo alipita pale nyumbani. Aliupokea mkono wa mama kwa mikono yake miwili, akaketi, akanywa chai yetu, akamwambia kwamba nimepata mke wa Kikorea, nimekataa kurudi, nimesema nisitafutwe. Hiyo ndiyo dawa aliyompa mama yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, nacho kilivaa koti la ngozi.

"Yeye alisema nini?" nikamuuliza Chelangat.

"Alisema, 'Hata kama ameoa, mwambieni maziwa yake yapo.' Kila yalipozidi kuchacha alimwaga, akasugua kibuyu upya, akaweka mengine. Mpaka wiki ile. Baada ya hapo mimi ndiye nimekuwa nikiweka."

Akaingia ndani akatoka nacho, kibuyu kile kile. Akanipa kwa mikono miwili, hapo hapo getini, kama mshindi. Nikanywa nimesimama kwa mguu mmoja. Sikushinda kitu, mwanangu. Lakini nilikunywa mpaka tone la mwisho, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuulizwa na mtu mwenye haki ya kuuliza kama nimekufa.

Festo yupo. Anakaa kiti cha mbele kanisani. Mwaka jana kwenye mazishi alinijia mikono miwili imenyooshwa, "Arap Rono, ndugu yangu!" Mimi mikono yangu niliiacha mfukoni, na watu wakasema nina roho ngumu. Waache waseme. Sikudanganyi kwamba uchungu umeniisha. Ninachokuambia ni kwamba ninakula.

Basi sikiliza, wewe ambaye miguu yako inakuwasha na watu wa makoti wameanza kukupungia. Nenda. Sikukatazi. Dunia ni pana, na kuna watu huko wanaofagia na kipande cha jirani. Lakini heshima ya mikono usiipime kwa jinsi inavyopokea, ipime kwa jinsi inavyorudisha. Aliyenivuta mkoba kwa nguvu alinirudishia. Aliyenipokea kwa adabu alinizika. Kile kitabu chenye picha yako kaa nacho mwenyewe, hata anayekiomba awe mtu wa kwenu, hata akiomba kwa lugha ya mama yako. Na hapo hasa ndipo ukishike zaidi. Mtu akikuletea habari mbaya ya mwanao aliye mbali, mwekee mwanao maziwa kwanza, habari utaziuliza baadaye. Na siku ikikujia, maana itakuja, ambayo bakuli liko mbele yako na hutaki kitu, usichomeke kijiko. Kula kijiko kimoja. Hasira yako kula nayo, haitakuzuia kumeza.

Ungekuwa hapa mbele yangu ningekutemea mate ya baraka kifuani, kama wazee walivyonitemea mimi kabla sijapanda ile ndege. Kwa vile uko mbali na unasikia sauti yangu tu, pokea kwa maneno: Mungu akupe miguu ya kwenda na njia ya kurudi. Akuweke karibu na mtu wa kukuuliza kama umekula. Na ukifika getini, aliyekuwekea maziwa awe bado anaona.